Mikono ya Shangazi na Mafuta ya Alizeti

Mtu anayefanya kazi kwenye mashine ya kukereza chuma havai glovu. Hili halina mjadala. Chuma kinazunguka kwa kasi, kisu kimesimama kando kinakimenya, na ukipeleka uzi mmoja tu wa nguo pale, mashine haikuulizi wewe ni nani. Inavuta uzi, inavuta glovu, inavuta kidole, na mkono unafuata mpaka begani. Ndilo somo la kwanza, unafundishwa kabla hata ya kuonyeshwa swichi ilipo. Sasa hebu mniambie, ni akili ya namna gani kumletea Shangazi jozi tatu za glovu na kumwambia, "Haya, mama, tatizo lako limekwisha"?

Aliyesema hivyo alikuwa msimamizi wa karakana. Mafundi walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyokuwa na neno hilo. Ukichelewa, kuna taratibu. Ukiwahi, kuna taratibu. Ukimwambia paa linavuja juu ya mashine yako, kuna taratibu za kuvuja. Mara ya mwisho yeye mwenyewe kushika chuma cha moto ilikuwa miaka kumi iliyopita, na kucha zake zilikuwa safi kama za bwana harusi.

Shangazi alikuwa fundi mkerezaji. Aliingia pale miaka ishirini na miwili nyuma kufagia chenga za chuma, na alikuwa anafagia polepole makusudi ili apate kuangalia. Alipokwisha kuangalia vya kutosha akamwambia fundi mzee wa wakati ule, "Niachie mashine yako ukienda kula." Yule mzee akacheka, akamwachia. Aliporudi hakucheka tena. Tangu hapo Shangazi hakushika ufagio, na jina la Shangazi alipewa na wanaume wa pale kwa sababu alikuwa anawakemea kama watoto wa kaka yake, nao wakawa wanaitika.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukata tredi, ile mistari ya bolti inayoshika nati. Kazi ya subira hiyo. Chuma kikikatwa kinapata moto, na moto unaua kisu na unachanachana ile mistari, kwa hiyo lazima kitu kimwagike pale bila kukoma, kipoze na kulainisha. Pale karakanani walitumia dawa fulani ya mafuta inayochanganywa na maji ikawa nyeupe, ndiyo maana mafundi waliiita maziwa. Maziwa yalikaa kwenye tangi chini ya mashine, pampu ikayapandisha, yakamwagikia chuma, yakashuka tena tangini. Yakiwa mapya na yakipimwa sawasawa, hayana ubaya sana. Lakini ya pale? Loh! Yalikuwa hayajabadilishwa tangu zamani za kale. Yakipungua, Bwana Taratibu anaamuru waongeze maji ya bomba. Yakiwa mepesi mno, anaamuru waongeze oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari. Asubuhi ukiwasha pampu, harufu inayotoka pale unaweza kudhani kuna panya kafia ndani, na mara mbili kweli panya alikuwepo.

Hayo ndiyo maji aliyoyashika Shangazi kutwa nzima kwa mikono mitupu.

Kwanza ulikuja muwasho katikati ya vidole. Kisha vipele. Kisha ngozi ikakakamaa na kupasuka kwenye viungo, ikawa akikunja ngumi damu inatoka. Nyumbani, baba watoto alikuwa fundi cherehani, anashona chumba cha mbele, na kwa miaka yote ya ndoa yao Shangazi ndiye aliyekuwa akimkunjia nguo zilizokwisha. Siku moja alikunja gauni la satini la mteja, na ngozi ya vidole vyake ikanasa nyuzi zote. Gauni likawa limekwaruzika kifuani kama limepitiwa na paka. Mumewe hakumgombeza. Aliichukua ile nguo, akaiweka kando, akasema, "Mama watoto, leo naomba usikunje." Shangazi aliingia jikoni akalia kwa hasira, si kwa huzuni. Mwanamke aliyezalisha bolti za nusu ya mashine za kusaga za mji ule, leo hawezi kugusa gauni!

Kule zahanati, daktari alimgeuza mikono, akauliza anafanya kazi gani, akaambiwa. "Basi sikiliza," akasema. "Marhamu nitakupa, lakini marhamu haishindani na kitu unachochovya mikono ndani yake kwa saa tisa kila siku. Ama uache hiyo dawa, ama uache hiyo kazi. Ukiendelea hivi, mwaka hauishi hutaweza kushika hata kijiko."

Shangazi hakuwa na nia ya kuacha kazi. Alikwenda kwa Bwana Taratibu na cheti cha daktari, akaomba kitu kimoja tu: maziwa yamwagwe, matangi yaoshwe, yawekwe mapya. Na Bwana Taratibu, baada ya wiki mbili za taratibu, akamletea zile glovu.

"Bwana msimamizi, unajua hii ni mashine gani?" Shangazi akauliza.

"Mama, kuna taratibu. Umelalamikia mikono, nimekupa kinga ya mikono. Saini hapa kwamba umepokea."

Shangazi hakusaini. Alichukua glovu moja, akaivisha mpini wa fagio, akawasha mashine, akausogeza mpini taratibu kwenye chuma kinachozunguka. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Glovu ilinyakuliwa, mpini ukakatika vipande vitatu, kipande kimoja kikaruka mpaka mlango wa stoo, na mtunza stoo akatoka akikimbia na kikombe chake cha chai.

"Huo ndio mkono wangu," Shangazi akasema.

Na unajua yule bwana alijibu nini? Alisema, "Umeharibu fagio la kampuni." Ebo! Nakuapia, ndivyo alivyosema, akaandika na kwenye daftari.

Jioni ile baba watoto alimpaka mafuta ya alizeti ya kupikia, maana marhamu ilikuwa imekwisha. Akawa anampaka kidole kimoja kimoja, na muwasho ukatulia. Shangazi akayatazama yale mafuta yalivyong'ang'ania kwenye ngozi bila kudondoka. Akakumbuka kwamba yule fundi mzee aliwahi kumwambia kuwa zamani, kabla ya maziwa, walikatia tredi ngumu kwa mafuta ya mnyama. "Baba watoto," akasema, "hii chupa naondoka nayo kesho."

"Na mboga tutakaanga kwa nini?"

"Mtachemsha."

Kesho yake alifunga pampu ya maziwa kwenye mashine yake. Akasugua tangi, akakausha. Akamimina mafuta ya alizeti kwenye kopo la rangi lililosafishwa, akachovya brashi, akapunguza mwendo wa mashine, akaanza kukata tredi huku akipaka kidogo kidogo pale kisu kinapouma. Chuma kilitoka laini, kinang'aa, mistari imekaa kama imechorwa kwa rula. Moshi kidogo ukapanda, na harufu ikasambaa karakana nzima, harufu ya kikaango.

Basi hapo ndipo utani ulipoanza. Wa kwanza alikuwa Redio, fundi wa mashine ya pili, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. "Shangazi, leo unatukaangia nini? Mimi bolti yangu uiivishe vizuri, sipendi mbichi!" Mwingine akauliza kama kuna pilipili. Mtunza stoo akaja na sahani. Shangazi alicheka nao, maana utani si tusi, lakini mkono wake haukusimama. Kwa maziwa, kisu kimoja kilikuwa kikikata bolti kumi na nane kabla hakijaenda kunolewa. Kwa alizeti alifika thelathini na moja. Aliwapangia bolti zote mezani kwa mstari, akaenda kula.

Utani ukapungua. Chema chajiuza.

Lakini usidhani ni kumwaga mafuta tu ukaondoka. Shangazi aligundua mapema tabia ya kitu kile. Mafuta ya kula yakiachwa juu ya chuma, yanaganda, yananata kama gundi ya seremala. Yakichanganyika na maji tangini, yanachacha na kunuka. Na mwendo wa mashine ukiwa mkubwa, yanafuka moshi. Kwa hiyo yeye kila jioni kabla ya kunawa alifuta mashine yake yote kwa tambara lenye mafuta ya taa, akakausha, na kopo akalifunika. Robo saa nzima, kila siku, wakati wengine wako getini wanasubiriana. Baada ya miezi miwili mikono yake ilikuwa imepona. Alikunja nguo za wateja tena, na mumewe akawa anampa zile za satini kwanza, makusudi.

Sasa Bosi, mwenye karakana, akapita siku moja akaokota bolti mezani, akaizungusha mwangani. "Kazi safi hii. Mmefanya nini?" Na Bwana Taratibu, ambaye mpaka jana yake alikuwa anapiga kelele kwamba karakana si jiko, akajiweka mbele kama bibi arusi. "Ni utaratibu mpya ninaoujaribu, Bosi. Mafuta ya mimea. Nataka niuingize kwenye mashine zote." Akampaka Bosi mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akaondoka anatabasamu. Shangazi alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale, brashi mkononi. Alikuwa na la kusema, akalimeza. Alijiambia, kama sifa ni yake na mikono ni yangu, basi na aichukue sifa.

Kosa hilo hakulirudia tena maishani.

Maana wiki iliyofuata Bwana Taratibu alileta madumu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia, meusi, yana makombo ya viazi ndani, ameyaokota sijui kwa mkaanga chipsi gani. Akaamuru yamiminwe kwenye matangi ya mashine zote, juu ya yale maziwa yaliyooza, bila kuosha, bila kumwaga.

Shangazi alimkimbilia. "Bwana msimamizi, usifanye hivyo! Maziwa ni maji. Hayapatani na mafuta haya, yataoza. Na huwezi kuyapitisha kwenye pampu hivi, yatanata. Kila jioni lazima mashine ifutwe."

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Ndiyo," Shangazi akasema. "Nakufundisha."

Bwana Taratibu akavimba. Mashine saba zikamiminiwa. Alipofika ya nane, ya Shangazi, alimkuta amekaa juu ya mfuniko wa tangi, mikono kifuani. "Hapa hugusi," akasema. "Niandike kwenye daftari." Akaandikwa.

Jioni ya siku hiyohiyo umeme ukakatika, na haukurudi kwa siku nne. Mafundi wakakaa nyumbani. Uliporudi na mlango ukafunguliwa, watu walirudi nyuma kwa harufu. Mafuta yalikuwa yameganda kila mahali, ya manjano na yenye kunata. Meza za mashine hazisogei. Pampu mbili zilipowashwa zikanguruma, zikatoa moshi, zikafa. Mashine saba zimekwama na kuna oda kubwa ya kiwanda cha kusaga inasubiri. Ya nane, iliyofutwa na kukaushwa jioni ile, ilizunguka kama kawaida.

Ungedhani hapo mtu atajua nani mkosaji. Thubutu! Bosi aliwakusanya wote saa nne asubuhi, katikati ya karakana, na Bwana Taratibu ana barua mkononi, imeshapigwa chapa. Mwanzilishi wa mafuta ya kula ni huyu mama. Alianza bila kibali. Aliharibu fagio. Alimzuia msimamizi kufikia mashine. Kila kitu kilikuwa mle, isipokuwa ukweli. Wakamwangushia jumba bovu lote, na wenzake saba wamesimama wanatazama sakafu.

"Mama," Bosi akasema, wala hakuwa mkali, na hilo ndilo lililokera zaidi, "mafuta haya yanakoma leo. Nimeagiza pipa la maziwa, tunaongezea kwenye matangi, tunaendelea. Saini barua yaishe. Kama ngozi yako haiyawezi, stoo kuna nafasi ya kuhesabu nati."

"Mashine yangu inazunguka," Shangazi akasema. "Nenda kaiguse."

"Nimeiona. Lakini wewe ni mmoja. Siwezi kugeuza karakana nzima kwa ajili ya ngozi ya mtu mmoja. Kuna mwingine hapa anayesumbuliwa na maziwa? Aseme."

Akasubiri.

"Kuna yeyote?"

Mtu mmoja akakohoa. Shangazi akawatazama mmoja mmoja, watu aliofanya nao kazi miaka na miaka, aliowachangia misiba na kuwatetea kwa wake zao. Moyo ukampasuka kwa hasira. Stoo! Miaka ishirini na miwili ili akahesabu nati kwenye rafu! Akamtazama Redio, Redio asiyezimika, na Redio alikuwa kimya, mikono yake imezama mifukoni mwa ovaroli mpaka kwenye viwiko.

Na ilivyokuwa joto siku ile!

Shangazi alimwendea, akamshika kiwiko cha kulia, akavuta. Redio akapinga kidogo, kisha akaachia. Mkono ukatoka. Vidole vitatu vilikuwa vimezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Shangazi akaubandua mmoja, na ngozi ikaja nayo. Chini yake palikuwa pekundu, pamepasuka mpaka ndani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka wa tatu huu, Shangazi."

"Miaka mitatu! Na ulikuwa unaniuliza kama nimetia pilipili!"

Shangazi akawageukia wengine, na sauti yake ikapanda mpaka mtunza stoo akatoka mlangoni. "Toeni! Toeni mikono yenu hapa mezani, nyote! Mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mnataka kifo changu ndicho kiwaumbue? Toeni!"

Wakatoa. Walianza wawili, kisha wote. Mikono kumi na minne ikawekwa juu ya meza ile ya chuma, mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliokuwa mzima. Mingine ina vipele, mingine imevimba kwenye viungo, mmoja hauna ngozi kabisa katikati ya vidole. Bosi alisogea akainama kutazama, asiamini. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe, akatazama na ya Bwana Taratibu iliyoshika barua. Ukiacha ya Shangazi iliyopona, hiyo ndiyo mikono safi mle ndani, minne tu, na hakuna hata mmoja uliokuwa unafanya kazi ya chuma.

"Kwa nini hamkusema?" Bosi akauliza.

Redio ndiye aliyejibu, polepole, si kwa sauti yake ya kila siku. "Shangazi alisema, Bosi. Tukaona alichopewa."

Bosi alinyoosha mkono akaichukua ile barua kutoka kwa Bwana Taratibu. Aliisoma upya, mstari kwa mstari, na mwishoni akaikunja, akaitia mfukoni. "Pipa nitalirudisha," akasema. "Mwageni kila kitu, osheni matangi yote. Mama, utawaelekeza wenzako. Na mafuta safi yatanunuliwa na karakana." Kisha akamgeukia msimamizi, akamwambia aombe radhi.

Bwana Taratibu alisafisha koo. "Basi, kama kuna mtu aliyekwazika na taratibu zangu, naomba anisamehe."

"Kama?" Shangazi akasema. "Kama kuna mtu? Bwana msimamizi, meza hii hapa. Macho unayo. Hesabu mikono, kisha useme tena."

Bwana Taratibu akamtazama Bosi ili aokolewe. Bosi hakumwokoa. Basi akasogea mezani, akaanza kuhesabu, kwanza kwa macho, na Shangazi akamwambia ahesabu kwa sauti. Akahesabu mmoja, miwili, mitatu, na kila alipotaja hakuna fundi aliyeondoa mkono wake.